Mbwa wa Shamba la Zuhura

Kipatimu, barazani dukani, Jumatatu baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Mwanahawa, Rasbura, Lindi.

Shikamoo Dada. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeiitikia ukiwa umekunja uso. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wote mnaolala chini ya dari moja, na lile goti lako la kushoto liwe limekupa nafasi kidogo kwa kuwa nasikia mvua huko pwani zimeanza kukatika. Huku milimani bado inanyesha. Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu uliwahi kunikataza kudanganya kwenye barua, ukasema uongo wa mdomo unapeperuka lakini wa karatasi unabaki sandukuni.

Barua yako aliyokuandikia shemeji imenifika Ijumaa. Lori lilikwama siku tano kwenye matope kabla ya kupanda mlima, na utingo aliponipa bahasha ilikuwa na alama ya kiatu chake. Nikaisoma mara moja, nikaiweka chini ya cherehani, nikamalizia pindo la suruali niliyokuwa naishona. Ndivyo nilivyo siku hizi. Ningeambiwa duka la Mhindi linaungua, na mimi nimo barazani, ningemaliza pindo kwanza.

Umeniuliza kama nakula. Nakula. Umeniuliza pia lilipo bakuli lako la bati lenye maua mekundu, lile ulilompa Zuhura siku ya harusi yetu, maana kwenye arobaini yake mlipokuwa mnapanga vyombo ulilitafuta hukuliona. Hilo nitakujibu mbele, nivumilie. Na umeniuliza kwa ukali wazo la mbwa nimelitoa wapi, mimi mtoto wa baba yetu, niliyekhitimu Kurani chuoni nikafanyiwa na karamu. Halafu chini kabisa ukamwambia shemeji aandike: "Ukifuga mbwa, Somoe harudi Kipatimu." Akapiga mstari mara mbili, mpaka karatasi imetoboka. Nimeuweka mkono wangu juu ya lile tundu, Dada. Nimekuelewa.

Somoe ana miaka saba. Ulipomchukua ulisema akakae kwako mpaka nyumba yangu iwe nyumba tena. Sikubisha, sikuwa na cha kubishia. Watu wakisema nyanyuka nilinyanyuka, wakisema keti niliketi, wakisema mtoto aende nikamfungia nguo zake kwenye kanga ya mama yake. Hata lori lilipoondoka akawa analia, mimi nilikuwa natazama jinsi ile kanga ilivyofungwa vibaya. Sasa nataka arudi. Ni kitu kimoja tu ninachokitaka, na nimekaa wiki nyingi nikakichunguza kama ni kukitaka kweli au ni mazoea tu. Ni kweli. Kwa hiyo nikueleze habari ya mbwa tangu mwanzo, kisha unihukumu unajua.

Wewe unajua mimi si mkulima. Nimezaliwa Rasbura kama wewe, jembe kwetu lilikuwa la kufukia taka. Nilikuja huku kwa ajili ya cherehani, na shamba alikuwa nalo Zuhura, la upande wa mama yake, kule mteremkoni nyuma ya misheni. Alilima yeye, akalinda yeye. Mimi kazi yangu ilikuwa kula na kusifia. Aliondoka mvua zilipokuwa zimechanganya, palizi ya kwanza imekwisha, na mahindi hayakujua. Yameendelea kukua tu. Sasa yameshika, yana ndevu, na ndio wakati wa nyani.

Nyani wa huku si wale uliowasikia kwenye hadithi. Wanakuja mchana kweupe, kundi zima, na mkubwa wao mbele kama mtu anayekwenda kupokea kodi. Anavunja hindi, analitia kwapani, anavunja jingine, lile la kwanza linaanguka, halijali. Wakipita robo ya saa unabaki na mabua. Na wanachagua. Mashamba ya mteremko ule yamepangana, kila mtu analinda lake, na lisilolindwa ndilo wanaloingilia kwenda kwa wengine. Jumbe alikuja mwenyewe hapa barazani, akasimama bila kuketi, akaniambia, "Fundi, pole na msiba. Lakini shamba lako sasa ni mlango wazi. Wanaingilia kwako wanatokea kwetu. Ama ulilinde, ama uwaachie wenye nguvu walilime." Hakusema kwa ubaya. Nikamwambia nimesikia. Lile shamba ndilo kitu pekee alichomwachia Somoe mama yake, na likishalimwa na mwingine misimu miwili, nani atamkumbusha kuwa lilikuwa la mtoto?

Mama mkwe akajitolea kulinda. Miguu yake unaijua. Akapanda kwenye dungu, kile kibanda chao cha juu ya nguzo, na kombeo lake na mawe kwenye pakacha. Siku ya tatu nyani mkubwa akaja mpaka chini ya dungu, akamchukulia kikapu chake cha mihogo, akakaa hapo hapo akala akimtazama. Yule mzee akashuka kumfukuza, akateleza kwenye ngazi, akaanguka na nyonga. Mpaka leo anatembelea fimbo. Aliniambia, "Mwanangu, mawe yangu hayafiki tena, na yule mnyama amejua hayafiki." Nyani hawaogopi wanawake, Dada. Wala watoto hawawaogopi. Sasa fikiri Somoe ndiye angekuwa juu ya dungu, na mimi niko huku nakanyaga cherehani.

Basi nikaenda mwenyewe. Hapa utacheka, nami nakuruhusu. Nilifunga kazi Alhamisi moja nikaenda na fimbo na kanzu yangu nyeupe, maana ndiyo nguo yangu. Nyani wakatoka msituni, wakanitazama, wakaendelea kuvunja mahindi. Nikapiga kelele. Mkubwa wao akanipa mgongo. Jirani wa shamba, Mzee Yohana, Mkristo wa misheni, mwindaji wa siku nyingi, alikuwa upande wa pili akacheka hadi akashika kiuno.

"Fundi, umevaa nini?"

"Kanzu."

"Wao wanaona mwanamke mrefu tu. Suruali unazishona kila siku, huna hata moja ya kuvaa?"

Kesho yake nikavaa suruali ya mteja. Walikimbia kidogo. Lakini mimi siwezi kukaa shambani kutwa, kazi ndiyo inayotupa chumvi na mafuta. Ndipo Mzee Yohana akaniambia jike lake limezaa, watoto wanne, wawili wamekwisha chukuliwa. "Chukua dume moja. Nyani anaogopa vitu viwili, bunduki na mbwa, na bunduki Bwana Shauri wa serikali hatakupa."

Nikamwambia, "Si wakati wake, Mzee. Nimefiwa."

"Najua umefiwa. Nimechimba kaburi nawe. Nyani ndio hawajui."

Nikaondoka nikakuandikia ile barua ya kwanza kukuuliza. Na kabla ya kuhofu najisi, Dada, nilihofu jambo jingine, sikuliandika. Mbwa anaishi miaka kumi, zaidi hata. Anataka kula kila siku, anataka mtu wa kumwita na kumkemea, na asiposikia sauti anaharibika. Mimi mwezi huu nimeunguza wali mara mbili nikiwa nimeketi mbele ya jiko, macho wazi. Jirani ananipigia hodi naitikia baada ya yeye kuondoka. Sina huzuni kama ile unayoifikiri. Sijalia. Watu wananitazama usoni wanatafuta machozi, nami naona haya kama mtu aliyekwenda harusini bila zawadi. Nikajiuliza, mtu wa namna hii anapewaje kiumbe chenye roho? Na swali lilipofika hapo lilikuwa haliko tena kwa mbwa. Anapewaje mtoto?

Nilimwendea mwalimu wa msikiti wetu mdogo. Akaniambia mbwa wa kuchezea hapana, lakini wa kuwinda na wa kulinda mifugo au shamba ana ruhusa, mradi akae huko huko kwenye kazi yake, asilale ndani, na chombo akikitia mdomo kinajulikana kinavyooshwa. Akaniuliza, "Una shida naye kweli, au unataka mwenzi?" Nikamjibu sijui. Akasema basi mjaribu kwanza.

Sikungoja jibu lako. Nisamehe kwa hilo. Jumatano ya wiki iliyopita nilikwenda kwa Mzee Yohana, akanishika mkono akautazama, akasema mkono mtupu haulambwi, nikaenda nikamtilia viraka suruali zake mbili ndipo akanipa mtoto wa mbwa ndani ya pakacha. Rangi ya mchanga, masikio makubwa kuliko akili. Tulipatana nimjaribu siku kumi. Nikishindwa namrudisha na viraka vinabaki. Bado mdogo wa kwenda shambani peke yake, kwa hiyo nilimfunga kwa ukanda wa khaki kwenye nguzo ya jiko la nje. Siku mbili nilimpa makoko ya ugali na maji kwenye kifuu. Sikumpa jina. Mzee Yohana kila akipita anauliza, "Anaitwa nani?" Namwambia hajaitwa.

Sasa ni ile Ijumaa, na hapa ndipo lilipo bakuli lako.

Dada, halikupotea. Nilikudanganya, wewe na wanawake wote mliokuwa mkipanga vyombo. Lilikuwa chini ya kitanda ndani ya kasha la mabaki ya vitambaa, nimelifunika kwa kipande cha kitambaa cha marekani. Asubuhi ile ya mwisho Zuhura alikunywa uji humo, akaishia nusu. Akaniambia, "Nenda kazini, ni homa tu. Huu nitaumalizia." Nikaenda. Nilikuwa na sare za watoto wa shule za kumaliza. Waliponiita nilikuwa kwenye vifungo, na nilipofika hapakuwa na wa kumwita. Jioni yake, nyumba imejaa watu, niliona lile bakuli kando ya mkeka na uji wake, na mtu mmoja akainama alichukue akalioshe. Nikalichukua mimi. Nikalificha. Sikulifungua tena kulitazama, na sikulitupa. Uji ukakauka ukawa gamba. Aliniambia ataumalizia.

Ijumaa nilisoma barua yako asubuhi, nikashona, nikaenda kuswali. Nilirudi nyumbani kubadilisha kanzu nikakuta ukanda umetafunwa, mlango wa nyuma uko wazi kwa sababu niliuacha wazi, na mbwa yuko chumbani. Ametoa vitambaa vyote kwenye kasha. Alikuwa amelala na bakuli katikati ya miguu yake ya mbele, analilamba. Lilikuwa limekwisha, jeupe, linang'aa. Maua yako mekundu yote yanaonekana.

Nikasimama nikingoja hasira. Nilijua inapaswa kuja, mtu yeyote angemvunja mgongo. Haikuja. Mbwa akaniangalia akatikisa mkia. Kitu pekee kilichonijia kichwani ni kile tulichofundishwa chuoni, mimi na wewe tumekaa mkeka mmoja na bakora juu yetu: mara saba, na moja iwe kwa udongo. Nikamtoa nje, nikamfunga kwa kamba ya katani, nikachukua bakuli nikashuka nalo chemchemini.

Pale wanawake walikuwa wamekwisha chota wameondoka. Nikachimba udongo mkavu chini ya jiwe, nikalisugua mara ya kwanza, ndani na nje. Nikalisuuza ya pili. Ya tatu. Ya nne kidole gumba changu kikaangukia pale ukingoni palipobanduka rangi, unapajua, lilipoangushwa ile siku ya kumtoa Somoe nje, bado kichanga. Zuhura alizoea kulishikia pale pale, nimemwona miaka saba. Nikawa nimekishikilia kidole changu pale. Nilipotaka kuendelea sikujua nimefika ya nne au ya tano. Wewe ungesema nishike ile niliyo na hakika nayo. Mimi nikaanza upya, udongo tena, moja, mbili. Nikapotea tena. Nikaanza mara ya tatu. Yawezekana nimeliosha mara kumi na saba, wallahi sijui, na kila nikimwaga maji naona hakuna kitu kinachotoka, lilikuwa safi tangu chumbani. Mbwa alikuwa ameumaliza ule uji. Ule uji ulikuwa umekwisha, Dada, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuumalizia.

Maji ya chemchemi ile ni baridi. Miaka yote nimeishi hapa sikuwahi kuwa na sababu ya kuyashika muda mrefu. Mikono iliniuma mpaka kwenye viwiko. Nakuandikia hili ulijue kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu siku ile. Sikulia, nisije nikakupa habari ambayo sinayo. Mikono iliuma, basi, nami nilifurahi kuwa inauma.

Jana nilikwenda shambani na Mzee Yohana tukajenga kibanda cha mbwa chini ya dungu, cha fito, kimeezekwa nyasi. Atakaa huko, na jike la Mzee litamfundisha kazi. Nyumbani hatakanyaga tena. Sakafu ya chumba nimeimwagia maji na kuipiga udongo mpya, kasha nimelianika juani, vitambaa nimevifua vyote. Mama mkwe alikuja na fimbo yake, akaketi mlangoni akinitazama nikifanya kazi. Akasema, "Leo umeitikia hodi yangu mara ya kwanza." Sikuwa nimeona.

Umenitaka nichague, Dada, mbwa au mtoto. Wewe ndiwe uliyenilea baada ya mama, sijawahi kukukatalia neno na sijui hata linakataliwaje. Lakini mbwa nimemchukua. Nimemchukua kwa sababu ya Somoe, shamba liwe lake, na akipanda dunguni awe na meno chini yake. Wakati wa kufaa nimeungoja, haukuja. Nisipomchukua sasa mahindi yataliwa, shamba litakwenda, nami nitabaki na cherehani na kasha. Kama kwa hilo utaona Somoe asirudi, utakuwa na haki yako, nami sitakuja kumchukua kwa ugomvi. Ila namtaka. Nimesema, na imeandikwa, itabaki sandukuni.

Utingo ninayempa barua hii nimempa na kifurushi, nimekifunga kwa marekani na kukishona pande zote ili asikifungue njiani. Ni bakuli lako. Mpe Somoe awe anakula humo. Siku utakayoridhika na mimi, umrudishe nalo mkononi, nami nikiliona tu pale lori linaposimama nitajua umenisamehe yote mawili, mbwa na uongo.

Nisalimie shemeji, umwambie mwandiko wake ni mzuri lakini asiutilie nguvu. Mama mdogo nyumba ya pili mpe shikamoo yangu na umweleze kanga alizoagiza bado hazijaja dukani. Mjomba anayeuza samaki sokoni, na mwalimu wetu wa chuo kama macho yake bado yanamwona mtu, wote wafikishie salamu. Wifi zako wadogo wawili waambie wasimfundishe Somoe kujibu watu. Yeye mwenyewe umwambie baba ni mzima, bibi anatembea, na shambani kuna mtu wa miguu minne ambaye hana jina, anangoja mwenye shamba aje ampe.

Ni mimi mdogo wako, asiyekusikia leo kwa mara ya kwanza,

Bakari, fundi cherehani.

Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi, nimeikunjua tena. Najua hutaniamini, Dada, utaliosha bakuli tena mara saba kwa mkono wako. Lioshe. Ila mwite Somoe akumiminie maji, na mkifika pale palipobanduka, mwonyeshe mama yake alipokuwa akiweka kidole.